Swala wa Kwenye Uzio Hasemi Kama Anaumwa: Soma Kinyesi Kabla ya Kununua Dawa ya Minyoo

Tangu kilimo cha wanyamapori kianze kuzungumzwa sana huku kwetu, kila wiki napata swali moja kwa sura tofauti. Mmoja ana kibali cha kufuga swala pala, mwingine anafikiria ndezi, mwingine ana eneo kubwa Sikonge na anataka pofu. Wote wanauliza hivi: "Afisa, nitumie dawa gani ya minyoo?"

Jibu langu ni lilelile. Sijui, na wewe hujui, mpaka tuangalie kinyesi. Naomba leo nieleze sababu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza mtaji. Swala mmoja akifa kwenye kundi la kumi na wawili umepoteza sehemu ya kumi na mbili ya kundi lako, na huwezi kwenda mnadani Jumamosi ukanunua mwingine kama mbuzi.

Uzio ndio unaozaa ugonjwa

Wengi hudhani mnyama wa porini hana minyoo. Anayo, tena mingi. Pundamilia mzima, mnene, anayekimbia vizuri anaweza kuwa na maelfu ya minyoo tumboni na usione dalili yoyote. Mnyama na mnyoo wamezoeana miaka mingi, na pori ni kubwa. Swala anakula hapa leo, kesho yuko mbali. Kinyesi alichoacha nyuma kinakauka juani kabla hajarudi.

Sasa mweke kwenye ekari tano. Chukua mnyoo mmoja tu, yule mwekundu anayenyonya damu kwenye tumbo la nne, ambaye wafugaji wa mbuzi mnamjua sana. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, kwa muda wa wiki moja hivi yanakuwa mabuu yanayopanda kwenye majani mabichi. Swala anakula majani, mabuu yanaingia, na baada ya wiki tatu hivi yamekuwa minyoo mikubwa inayotaga. Mzunguko huo porini hukatika mara nyingi. Ndani ya uzio haukatiki, kwa sababu mnyama analala, anakunya na anakula palepale.

Piga hesabu ndogo. Mnyoo mmoja hunyonya takriban sehemu ya ishirini ya mililita ya damu kwa siku. Ni tone tu. Minyoo 1,000 hunyonya mililita 50 kwa siku. Swala jike wa kilo 45 ana damu ya lita tatu na kitu hivi. Kwa wiki moja amepoteza mililita 350, yaani karibu sehemu ya kumi ya damu yake yote. Mwili unajitahidi kutengeneza nyingine, lakini chakula kikiwa kibaya, kama huku kwetu Septemba na Oktoba, hawezi kufidia.

Kuna jambo lingine ambalo uzio unamnyang'anya mnyama. Kule Milima ya Mahale, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman akiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa Kitongwe anayeijua miti ya kule, walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku aliyekuwa mgonjwa. Walimwona akimenya mashina ya mmea mchungu ambao Watongwe wenyewe huutumia kama dawa ya tumbo, akitafuna na kumeza maji yake. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Baadaye ilionekana pia kwamba sokwe wa huko humeza majani yenye nywele bila kuyatafuna, na minyoo hutoka pamoja nayo. Sisemi ukachume mmea huo uwalishe swala wako. Ninachosema ni kwamba porini mnyama anachagua pa kwenda na cha kula. Ukishamfungia, kazi ya kuchagua umeichukua wewe.

Mnyama pori ni mficha maradhi

Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa mnyama pori huo si ujinga, ni kinga yake. Swala anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa na fisi. Kwa hiyo atasimama, ataondoka na wenzake, atainua kichwa ukikaribia, na kesho asubuhi unamkuta amekufa. Mfugaji anasema "alikuwa mzima jana". Hakuwa mzima. Alikuwa anajikaza.

Kwa mbuzi tunafunua kope la jicho na kuangalia kama ni jekundu au jeupe. Mbinu hiyo imesaidia sana, lakini kwa swala lazima umkamate, na kumkamata kwenyewe kunaweza kumuua. Mnyama pori akikurupushwa na kukimbizwa muda mrefu misuli yake huharibika, na anaweza kufa saa chache au siku kadhaa baadaye, hata kama ulimwachia salama. Kwa hiyo unamwangalia kwa mbali, kila siku, saa ileile, ukiwa umetulia. Tafuta haya:

1. Anayebaki nyuma ya kundi, au anayefika wa mwisho kwenye chakula.
2. Manyoya yaliyosimama na yasiyong'aa, mifupa ya nyonga inayoanza kuonekana.
3. Uvimbe laini chini ya taya. Huo ni dalili ya upungufu wa damu na protini, mara nyingi minyoo ya kunyonya damu au minyoo bapa ya ini.
4. Kinyesi kilicholainika au mkia uliochafuka. Lakini kumbuka, mnyoo mwekundu mara nyingi hauharishi. Unaweza kuona vidonge vizuri vikavu na mnyama anaisha damu.
5. Kujikuna kwenye nguzo na sehemu zilizonyonyoka manyoya. Hapo fikiria kupe, au wadudu wa upele.

Jinsi ya kuchukua sampuli bila kumgusa mnyama

Uzuri wa kinyesi ni kwamba mnyama anakupa mwenyewe. Fanya hivi:

Kwanza, toka asubuhi mapema na utulie mahali wanapopenda kulala. Subiri mnyama akunye huku ukimwona, ili ujue ni wa nani. Akishasogea, ndipo uende.

Pili, vaa glavu. Chukua vidonge vya juu, visivyogusa udongo, kiasi cha kijiko cha chakula kilichojaa. Kinyesi cha jana hakifai, kwa sababu mayai yanaanza kuangua na minyoo ya udongoni inaingia na kukuchanganya.

Tatu, weka kwenye mfuko mdogo wa nailoni, kamua hewa yote itoke, funga. Andika tarehe, saa, mnyama gani, jike au dume. Kila mnyama mfuko wake.

Nne, weka kwenye boksi lenye barafu, lakini kinyesi kisigusane na barafu na kisigande. Kifike maabara siku hiyohiyo au kesho yake.

Sisi wa Tabora tuna bahati. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, wana kituo hapahapa mjini. Wewe wa Kaliua au Urambo ukipanga na mtu wa basi asubuhi, mchana sampuli iko mezani. Piga simu kwanza uwaambie unaleta nini na uulize gharama. Halafu linganisha na bei ya swala mmoja.

Maabara wanatazama nini

Siku hizi kila mtu anasema "nimepima", kwa hiyo ujue umepimwa nini. Kipimo cha kawaida ni cha kuelea. Wanachanganya gramu 4 za kinyesi na mililita 56 za maji yaliyokolezwa chumvi, wanachuja, wanajaza kwenye kioo chenye vyumba viwili, wanasubiri dakika chache. Mayai ya minyoo ya duara ni mepesi kuliko maji ya chumvi, yanapanda juu, yanahesabiwa kwa hadubini. Idadi ya vyumba vyote viwili inazidishwa mara 50. Wakiona mayai 12, basi swala wako ana mayai 600 kwa kila gramu ya kinyesi.

Lakini mayai ya minyoo bapa ya ini ni mazito, hayaelei. Yanahitaji kipimo cha kutuama, ambapo unatafuta kilichozama chini. Kama shamba lako linagusa mbuga ya mpunga au bwawa lenye konokono, omba vipimo vyote viwili. La sivyo utaambiwa "hakuna kitu" na ini linaliwa.

Vimelea vya damu navyo havionekani kwenye kinyesi. Ndorobo, yaani mbung'o, bado wapo kwenye miombo yetu, na wanyama wengi wa porini hubeba vimelea vya nagana bila kuugua. Shida huanza mnyama anapochoka, kama vile baada ya kusafirishwa au kukosa lishe. Hapo inahitajika damu iliyopakwa kwenye kioo, na damu inamaanisha mnyama alazwe kwa dawa na daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa wanyamapori. Mnyama akishalazwa kwa sababu yoyote ile, mwombe daktari achukue kila kitu kwa mpigo: damu, kinyesi, kupe, ngozi iliyokwanguliwa kwenye upele, na makadirio ya uzito. Nafasi hiyo hairudi kirahisi.

Kuona mnyoo siyo kujua ugonjwa

Hapa nawaomba mtulie kidogo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, akimtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi aliyepewa na Sultani Barghash wa Zanzibar. Wakati ule watu walishasema farasi haishi bara. Farasi yule akafa mapema tu, pale Kingaru, kabla hata safari haijachanganya. Stanley akampasua. Kwa maelezo yake, tumboni alikuta minyoo 25 mifupi minene iliyong'ang'ania ukuta wa tumbo kama ruba, na utumbo ulijaa minyoo mirefu myeupe.

Alifanya jambo zuri: alifungua akaangalia, hakukisia. Lakini je, hiyo minyoo ndiyo iliyomuua? Ile mifupi iliyong'ang'ania tumbo inafanana sana na mabuu ya inzi wa farasi, na farasi wengi huishi nayo. Kuikuta ni mwanzo wa jibu, siyo jibu. Kila majibu ya maabara yakija, jiulize maswali matatu: Ni kimelea gani? Ni wengi kiasi gani? Je, dalili ninazoziona zinaendana na kimelea huyo?

Nawapa mfano wa huku. Mfugaji mmoja mpakani mwa msitu alipoteza swala wawili ndani ya wiki moja. Majirani walimwambia ni ndorobo, na kweli ndorobo walikuwepo. Alishanunua dawa ya nagana. Tukapeleka vinyesi sita, majibu yakaja mayai ya minyoo ya duara kwa wingi kwenye vitano. Swala walikuwa na uvimbe chini ya taya, na hori la maji lilikuwa linavuja, pamezungukwa na majani mabichi katikati ya kiangazi. Kila kitu kilielekeza upande mmoja. Ile dawa ya nagana aliyonunua ingemtoza fedha na kuwaacha minyoo wakinyonya.

Namba moja peke yake haina maana sana. Pima kila baada ya miezi miwili, na mara moja zaidi wiki nne hivi baada ya mvua za Novemba kuanza. Baada ya mwaka utakuwa na daftari la shamba lako, na hilo daftari litakwambia lini namba imepanda kuliko kawaida yake.

Mnyama akifa

Mzoga unasema mengi kuliko mnyama mzima, lakini usikimbilie kisu. Angalia kwanza. Kama damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, USIMPASUE. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Funika, zuia mbwa na watoto, toa taarifa kwa daktari wa wilaya. Kama hakuna dalili hiyo, mwite daktari mapema kabla mzoga haujaoza. Atafungua tumbo la nne, ini na utumbo na kuhesabu. Na tafadhali, mzoga wa mnyama aliyekufa mwenyewe siyo kitoweo.

Tiba: nani, nini, kiasi gani

Wengi mnaniita daktari. Nashukuru kwa heshima, ila mimi ni afisa ugani mwenye stashahada. Naweza kukusaidia kuchukua sampuli, kupanga malisho na kusoma majibu pamoja nawe. Kumwandikia mnyamapori dawa ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Na mnyama mwenyewe, hata akiwa ndani ya uzio wako, anasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kifo, kuhamisha, kukamata, vyote vina taratibu za kibali chako. Zisome.

Kwa minyoo ya duara, madaktari wengi hupenda dawa inayochanganywa na chakula, kama fenbendazoli, kwa kuwa haihitaji kumkamata mnyama. Lakini chakula kina ujanja wake. Dume mbabe anakula dozi ya watatu, na yule mnyonge, ambaye ndiye mgonjwa, anapata makombo. Kwa hiyo:

- Anza kuwazoesha chakula cha hori wiki mbili kabla, bila dawa.
- Weka mahori mengi kuliko wanyama, yaachane mbali, ili mmoja asiyamiliki yote.
- Kadiria uzito kwa uangalifu. Dozi pungufu haiui minyoo, inafundisha minyoo kuizoea dawa.
- Mweleze daktari kama kuna majike wenye mimba. Albendazoli, mathalani, inaweza kudhuru mimba changa.
- Usihamishe dawa kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine kwa kukisia. Dawa ya nagana ya diminazini ambayo ng'ombe anaivumilia inaweza kumuua ngamia. Swala siyo mbuzi mwenye pembe nzuri.

Kisha, siku ya 10 hadi 14 baada ya dawa, pima tena. Hatua hii watu wanairuka kila siku. Tuseme wastani ulikuwa mayai 1,000 na sasa ni 30. Yamepungua kwa asilimia 97, dawa imefanya kazi. Kama yamebaki 300, yamepungua kwa asilimia 70 tu. Chini ya asilimia 95 anza kushuku usugu, au dozi haikufika. Rudi kwa daktari, usiongeze dozi mwenyewe. Na kama mbuzi wako wanachungia jirani na uzio, kumbuka baadhi ya minyoo hii hupita kati ya mbuzi, kondoo na swala. Usugu uliozalisha zizini kwa mbuzi utaukuta kwa swala.

Tibu uwanja, siyo mnyama peke yake

Dawa inaondoa minyoo iliyo ndani ya mnyama. Iliyo kwenye majani inamsubiri. Kwa hiyo:

1. Punguza msongamano. Gawanya eneo, pumzisha sehemu moja, hasa kiangazi, jua la Tabora likufanyie kazi ya bure.
2. Inua hori la chakula lisichafuliwe na kinyesi. Rekebisha bomba linalovuja. Zoa kinyesi pale wanapokusanyika.
3. Changanya kwa akili. Minyoo mingi ya swala haiwezi kuishi kwa punda au pundamilia, kwa hiyo wakifuatana kwenye malisho wanasafishiana. Lakini nyati usimweke karibu na ng'ombe. Nyati hubeba kimelea cha ndigana bila kuugua, kupe akikipeleka kwa ng'ombe, ng'ombe anakufa.
4. Mgeni akae karantini. Apimwe kinyesi na kukaguliwa kupe kabla ya kuchanganywa.
5. Kwa ndorobo, vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyowekwa dawa kandokando ya msitu bado ni silaha nzuri.
6. Mwenye ndezi ainue kizimba, kinyesi kidondoke chini, la sivyo vimelea vya kuharisha vitamaliza watoto.
7. Jikinge mwenyewe. Glavu, buti, sabuni. Baadhi ya vimelea, hasa vya nyani na vya wanyama wala nyama, huingia kwa binadamu.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Tafuta daftari, amka saa kumi na mbili, kaa kimya ukiwatazama wanyama wako nusu saa, uondoke na mifuko mitatu ya kinyesi kibichi. Majibu yakitoka, niandikie namba, na useme shamba lina ukubwa gani na wanyama wangapi. Duka la dawa halihami, litakungoja.